Siku Mto Mgole Uliponyamaza

Juu ya mashamba ya migomba ya Uluguru kuna njia nyembamba iendayo kijiji cha Lukwele. Njia hiyo hukata ubavu wa mlima mahali palipovimba kama shavu la mtu mwenye tonge mdomoni, na madereva wa bodaboda, watu wasioishiwa majina, wakapabatiza Shavuni. Zamani pale palikuwa na msitu mnene. Watu wakaufyeka, wakapanda mahindi, na mlima ukabaki na upara. Mtu atokaye mjini Morogoro, kabla ya kuingia Shavuni, hana budi kuvuka mto Mgole. Si mto mkubwa, lakini wakati wa masika hunguruma hata watu wawili wakisimama ukingoni hulazimika kuzungumza kwa mikono.

Kwa pikipiki, Shavuni ni mwendo wa dakika nne tu. Lakini wapo watu ambao dakika hizo nne hazijawaishia mpaka leo. Masika moja, miaka kadhaa iliyopita, watu kumi na mmoja waliokuwa wakirudi gulioni waliingia Shavuni kwa pamoja huku wakipiga soga, na mlima ukawafunika wote. Hata wa kusimulia hakubaki.

Tangu hapo madereva walijiwekea sheria. Haikuandikwa popote, ila kila mmoja aliishika kama anavyoshika sala zake. Wakati wa masika, ukifika ukingoni mwa Mgole unazima pikipiki na kuusikiliza mto kwanza. Ukisikia unanguruma kama kawaida yake, mnavuka Shavuni mmoja mmoja, abiria kwa miguu peke yake na dereva na pikipiki yake. Anayevuka hasemi wala hasimami. Akishatokea ng'ambo ndipo hupiga honi mbili fupi, maana yake nimevuka, njia i wazi, aingie anayefuata. Kwa kuwa ukungu wa kule humfanya mtu asione hata tairi la mbele, watu wa ng'ambo zote mbili waliziamini honi hizo kuliko macho yao wenyewe.

Evance alikuwa mgeni wa sheria hiyo, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alizaliwa Turiani, ambako baba yake alihamia kutoka Njombe kwenda kukata miwa. Ujana wake aliupitisha juu ya matrekta ya miwa, akiwa msaidizi wa dereva, kabla hajapata pikipiki na kuhamia mjini. Hiyo ilikuwa masika yake ya kwanza milimani. Hakuwa mtu mbaya, wala mvivu, wala mlevi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: subira haikukaa naye nyumba moja.

Aliyemfundisha njia za milimani alikuwa Hamza, Mluguru wa makamo ambaye vijana wote wa kijiweni walimwita Mjomba. Hamza alikuwa mchache wa maneno kupita kiasi. Angeweza kutoka mjini hadi Lukwele na kurudi bila abiria kujua sauti yake ikoje. Ukimuuliza jambo, alitazama mlimani, akavuta pumzi, akatoa neno moja, mara nyingine hata hilo moja akalibakiza. Evance alimpenda, lakini ule ukimya ulimchosha. Aliona ni heri mtu akutukane, ujue moja.

Mwezi wa nne, baada ya mvua ya siku nane mfululizo, nesi aitwaye Judith alifika kijiweni na kisanduku cha chanjo. Alimwamkia Hamza shikamoo, kisha akaeleza shida yake. Mwezi uliotangulia njia ilikuwa imefungwa, watoto wa Lukwele hawakuchanjwa, na sasa surua ilikuwa imekwisha kuingia katika kijiji cha jirani. Kina mama walikuwa wameambiwa wakusanyike siku ile. Barafu iliyokuwa kisandukuni ingeshika mpaka alasiri, zaidi ya hapo dawa zingeharibika. Wakakubaliana kwamba Judith apande kwa Hamza, na kisanduku kifungwe nyuma ya pikipiki ya Evance.

Walipanda kwa tabu, matairi yakiteleza, mvua ikiwachapa usoni. Walipokaribia kona ya mwisho kabla ya Mgole, mvua ilikatika ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Ukungu ukashuka. Hamza akazima pikipiki, na Evance naye akazima.

Hapo Evance alidhani masikio yake yameziba. Aliingiza kidole sikioni akalitikisa, akameza mate mara mbili, lakini mambo yalikuwa vilevile. Hakukuwa na sauti. Vyura waliokuwa wakipiga kelele njia nzima walikuwa wamenyamaza wote. Hakuna ndege aliyelia. Alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba, na alisikia injini ya pikipiki yake ikipoa, basi. Ilimchukua muda kutambua kinachokosekana. Kilichokosekana ni mto.

Mgole, uliopaswa kuwa unafura kwa mvua ya siku nane, ulikuwa umebaki mchirizi mwembamba katikati ya mawe. Mawe yenyewe yalikuwa bado yanang'aa kwa maji. Kaa wa mtoni walikuwa wametoka mashimoni mwao, wakubwa kwa wadogo, na walikuwa wakipanda ukingoni polepole, wote wakielekea upande mmoja, bila kujali watu waliosimama. Judith aliwatazama, akavuta kanga yake mabegani ingawa hakukuwa na upepo.

Evance yeye alifurahi. Kule Turiani, maji yalipopungua ghafla kwenye kivuko cha mfereji, dereva wa trekta alipiga kelele, wote wakadandia, trekta likavushwa mbio kabla maji hayajarudi. Aliyesubiri alilala porini na miwa yake ikachacha. Mtu aliyekulia hapo, mto ukikauka mbele yake, moyo wake humwambia bahati imekuja. Akamwambia Hamza kwa furaha kwamba leo hawatalowa hata viatu.

 Hamza alivunja kijiti, akakichomeka mchangani pale maji yalipoishia, akachuchumaa. Baada ya muda kile kijiti kilikuwa kimeachwa peke yake, maji yakiwa yamerudi nyuma shibiri nzima. Hamza akatazama juu, ambako hapakuwa na cha kuona ila ukungu. Kisha akafanya jambo ambalo Evance hakuwahi kumwona akilifanya. Aliigeuza pikipiki yake ikaelekea walikotoka, akamshika Judith mkono, akampandisha juu ya jiwe kubwa lililokuwa mbali na mto, akamwambia asishuke hapo kwa lolote.

“Tusubiri,” akasema.

Wakasubiri nusu saa. Ikawa saa nzima. Ukimya haukupungua, bali ulizidi kukaza mpaka Evance akawa anasikia mapigo ya moyo wake mwenyewe. Alihisi kama kuna mtu amesimama nyuma yake. Aligeuka mara tatu, hakukuwa na mtu. Sasa kitu kama hicho humfanya mtu mmoja atulie na humfanya mwingine atake kukimbia popote, ilimradi asikae. Evance alikuwa wa pili. Judith naye alitazama saa yake kila baada ya dakika mbili, akisema kwa sauti ndogo kwamba wale kina mama wamemngoja mwezi mzima.

“Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mjomba,” Evance akasema hatimaye. “Mvua imekata, mto umepungua, mlima umetulia. Tunasubiri nini?”

“Haujatulia,” Hamza akajibu. “Umenyamaza.”

Akafunga kinywa. Hapo Hamza naye ana lawama zake, na wala si dhambi kulisema. Angeweza kumweleza kijana kwamba mvua ya siku nane haipotei. Kama maji hayashuki mtoni, basi yameziba huko juu, au yanaingia tumboni mwa mlima, na tumbo lina kiasi chake. Maneno kumi yangetosha. Lakini aliyajua mambo hayo tangu utotoni, na mtu hudhani kila mwenzake amezaliwa anajua anachokijua yeye.

Evance akakata shauri. Alimwambia Judith kwamba yeye atatangulia na chanjo, nesi atafuata kwa miguu akisikia honi, na kwamba mpaka Mjomba amalize kuhesabu kaa, watoto wa Lukwele watakuwa wamechanjwa wote. Hamza aliinuka, akaushika usukani wa pikipiki ya Evance kwa mkono mmoja. Wakatazamana. Evance akautoa mkono ule kwa adabu, maana ni mkono wa mkubwa, akawasha pikipiki. Alivuka Mgole bila kulowa viatu, kama alivyosema.

Shavuni palimpokea kwa ukungu mweupe. Aliendesha kwa gia ya kwanza, akiiona njia hatua tatu tatu. Upande wa kulia mlima ulipanda, upande wa kushoto ulishuka, na pande zote mbili yalisimama mahindi yaliyofika kiunoni. Kuna jambo kuhusu mahindi hayo lilimsumbua, naye hakujua ni lipi, mpaka alipotambua kwamba yote yameinama. Hayakuinama huku na huku kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Yaliinama kushuka, yote, sawasawa. Harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi ilimjaa puani, harufu aliyoifahamu makaburini. 

Alipiga moyo konde, akasonga. Alipolipita jiwe jeusi, ambalo alilijua kuwa ni nusu ya njia, kicheko kikamjia, kicheko cha mtu aliyeogopa na kuona aibu kwa kuogopa. Mbona hakuna kitu? Akamkumbuka Hamza amechuchumaa na kijiti chake, na utani ukamshinda. Hakungoja kufika ng'ambo. Palepale katikati akabonyeza honi mbili fupi, ili Mjomba ajue kwamba mlima haujamla.

Siku nyingine zote, honi ikipigwa Shavuni, milima huirudisha mara mbili au tatu. Siku ile haikurudi. Ilitoka, ikamezwa, kama iliyopigwa ndani ya gunia la pamba. Evance akaacha kucheka.

Ndipo akauona ufa. Ulikata njia kutoka juu kwenda chini, umepanuka kiasi cha kupitisha mkono, na kingo zake zilikuwa mbichi. Alisimamisha pikipiki. Injini ikazimika yenyewe, na katika kimya kile akasikia sauti chini ya miguu yake, ndogo na nzito, kama ya mashine ya kusaga iliyo kijiji cha tatu. 

Nyuma yake, ndani ya ukungu, mtu alimwita kwa jina. Alikuwa Hamza, na alikuwa anakimbia. Evance hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikipazwa, na ndiyo maana ilimtisha kuliko ule ufa.

“Umewaita, Evance! Umewaita watu!”

Kwa sekunde moja Evance hakuelewa. Kisha mbele yake ukungu ulisogea kidogo, naye akaona mwavuli. Nyuma ya mwavuli wa kwanza ulikuwepo wa pili, na wa tatu. Kina mama wa Lukwele walikuwa wamechoka kungoja. Walikuwa wameteremka na watoto wao wamfuate nesi hukohuko mtoni, wakafika mwanzo wa Shavuni upande wao, wakasimama kama sheria inavyotaka, wakingoja honi. Wakaisikia. Honi mbili fupi. Wakaamini kuna aliyevukia upande wa mto na njia i wazi, wakaingia wote wakifuatana, haraka ikiwasahaulisha kwamba huvukwa mmoja mmoja. Walikuwa wanane, kila mmoja na mtoto mgongoni, na walikuja kimya kimya, maana Shavuni hapasemwi.

Evance aliunyosha mkono kwenye honi, akaurudisha. Honi ingewazuia? Honi ndiyo iliyowaleta, angeipiga tena wangeongeza mwendo. Akaiachia pikipiki ikaanguka pamoja na kisanduku chake, akauruka ufa, akawakimbilia akiwapungia mikono, akiwaambia warudi, warudi, mlima unakuja. Hawakumwelewa upesi. Wa mbele, mama kijana aitwaye Zuhura, alimuuliza nesi yuko wapi. Evance akamshika mabega akamgeuza kwa nguvu, na wote wakageuka, aliyekuwa wa mwisho akawa wa kwanza. Wakaanza kukimbia kwenye tope, miavuli ikaachwa njiani imefunguka.

Zuhura, ambaye sasa alikuwa wa nyuma, aliteleza. Alitoka njiani akaporomoka hatua kadhaa kwenye mahindi, akashikilia mabua, na kila bua aliloshika liling'oka. Mtoto mgongoni alianza kulia. Evance alisimama ukingoni hajui ashuke au asishuke. Hamza akampita, akashuka kwa makalio, akamfikia. Akafungua kanga, akamtoa mtoto, akampandisha juu kwa mikono miwili mpaka Evance akampokea.

“Mpeleke. Usisimame,” akasema.

“Na wewe, Mjomba?”

“Nampandisha mama yake, kisha narudi upande wangu. Nesi yuko peke yake. Maji yakirudi yatamkuta.”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote ambayo Evance aliwahi kuyasikia kwa Hamza kwa mara moja. Akakimbia na mtoto kifuani. Hakutazama nyuma, lakini alimsikia Zuhura akihema na kutambaa, kisha nyayo zake zikimfuata njiani. Na alisikia nyayo nyingine, nzito, zikienda upande wa pili, zikififia kuelekea mtoni.

Walipotoka Shavuni na kukanyaga mizizi ya msitu wa upande wa Lukwele, Evance aligeuka. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo. Aliona shamba la mahindi likitembea. Mahindi yalikuwa yamesimama vilevile, katika mistari yake, majani yakitikisika taratibu, nayo yalikuwa yanashuka mlimani kama watu wanaotoka msikitini, bila haraka na bila sauti. Mama mmoja alianza kusoma dua. Kisha sauti ikaja.

Haikuwa kama radi, kwa maana radi hupiga ikapita. Hii ilianza na haikuacha. Ardhi ilitetemeka, watoto wote wanane wakalia, na hakuna aliyesikia kilio chao. Miti iling'oka juu ya Shavuni, mawe makubwa kama vibanda yakarukaruka, na nyuma yake maji ya siku nane yakashuka yote kwa pamoja, mekundu. Njia ilitoweka. Jiwe jeusi lilitoweka. Mahali palipokuwa Shavuni palibaki donda jekundu lililokuwa linavuja.

Kisha kukawa kimya tena.

Evance alihesabu akina mama. Nane. Akahesabu watoto. Nane. Akamrudishia Zuhura mwanawe, akaenda kusimama ukingoni kabisa, akatega sikio. Kwa hesabu yake Hamza alikuwa na dakika mbili, na kwa mtu aliyeijua njia ile dakika mbili zilitosha. Angefika kwenye pikipiki yake iliyogeuzwa, angebonyeza honi mbili fupi, kama ada. Evance aliahidi moyoni kwamba akizisikia hizo honi, hatambishia Mjomba maisha yake yote. Alisubiri. Safari hii alijua kusubiri.

Honi ikalia.

“Alhamdulillahi,” Zuhura akasema. “Mjomba wenu amefika.”

 Honi ilikuwa moja. Ilikuwa ndefu, na haikukatika. Ililia, ikaendelea kulia, ikapita muda ambao mtu yeyote mwenye akili yake huachia kidole, na bado ikalia. Kina mama wakaanza kutazamana. Hamza hakupiga honi hivyo hata siku moja. Evance akapiga magoti kwenye tope. Honi ikaendelea mpaka betri ikachoka, sauti ikawa nyembamba, ikakwama, ikafa.

Alikuwa ni Judith. Alikuwa ametii, hakushuka juu ya jiwe lake, na maji yalipita chini ya miguu yake bila kumgusa. Yalipopungua, ndipo aliposhuka. Alimwona Hamza akiingia ukunguni akikimbia, na hakumwona akirudi. Alibonyeza honi ya pikipiki ya Hamza, iliyokuwa imeegeshwa juu zaidi njiani, maji yasipofika, akidhani kwamba, kama yu hai mahali fulani na amepotea kwenye ukungu, ataifuata sauti. Hakujua jambo lingine la kufanya.

Watu wa Lukwele na wa bondeni walichimba siku tatu. Walipata miavuli minne na kofia ngumu ya Hamza. Pikipiki ya Evance na kisanduku cha chanjo havikuonekana, na watoto walichanjwa wiki mbili baadaye kwa njia ya kuzungukia nyuma ya mlima, mwendo wa siku nzima. Hamza mwenyewe yumo humo mpaka leo, na wale kumi na mmoja.

Matanga yalikaliwa nyumbani kwa dada yake, Bi Shakila, kama ilivyo kwa Waluguru, ambao kwao mtu ni wa ukoo wa mama yake. Evance alikwenda siku ya tatu. Watu walimsifu kwa kuwaokoa kina mama, wakampa kiti mbele. Hakukaa. Alisimama katikati ya ua, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba aliyepiga honi ni yeye, kwamba aliipiga kwa utani kabla hajavuka, na kwamba bila honi ile wale akina mama wasingeingia na Hamza asingekimbia. Aliyasema yote, hakujipunguzia hata moja. Baadhi ya wapwa wa Hamza waliinuka, na haikujulikana wanainukia nini.

Bi Shakila aliwaashiria wakae. Alimtazama kijana, na Evance aliona macho yaleyale ya Hamza, akatamani ardhi impasukie.

“Kaka yangu alikuwa anaona vitu, akavimeza,” Bi Shakila akasema. “Tangu tukiwa wadogo. Alijua, hasemi. Angekuambia, labda ungesikia. Wewe Mungu amekupa mdomo, mwanangu, na umeutumia kwa utani. Sasa utumie kwa kazi.”

Hakumsamehe, wala hakusema kwamba hatamsamehe. Evance alibaki pale mpaka matanga yalipoondolewa, akipasua kuni na kubeba maji.

Siku hizi njia mpya imepita juu kidogo ya ile ya zamani, na Mgole bado unavukwa palepale. Wakati wa masika Evance ndiye kiongozi wa msafara. Madereva wapya, hasa wale vijana wa Ngerengere na wa mjini wenye haraka zao, humwona mzee kabla ya wakati. Wakifika ukingoni, yeye huwazimisha pikipiki, huchomeka kijiti mchangani, kisha husema. Huwaeleza maji huenda wapi yasipoonekana, kaa wakitoka wanakimbia nini, na honi ni ahadi ya nani kwa nani. Huwataja wale kumi na mmoja na kumtaja Hamza. Humaliza, na kama kuna aliyekuja amechelewa, huanza upya.

Masika iliyopita mto ulinyamaza tena. Aliwazuia watu kumi na wanne ukingoni tangu asubuhi, na jioni akawarudisha wote mjini bila kuvuka. Mlima haukuporomoka siku ile, wala kesho yake. Kijiweni walimcheka sana, wakamwita mwoga wa kivuli chake, na abiria mmoja aliyekosa harusi ya mdogo wake alimtukana hadharani. Evance aliwatazama mmoja mmoja, wazima wote kumi na wanne, wana midomo ya kucheka na ya kutukana, akaona hiyo ni shukrani tosha. Usiku wa tatu, watu wakiwa majumbani mwao, sauti ilisikika kutoka milimani hadi mjini, mbwa wakabweka, mabati yakatikisika. Asubuhi njia mpya nayo haikuwepo. Hakuna aliyekuwa juu yake, na hakuna aliyecheka tena kijiweni, kwa maana sasa wote waliamini kwa masikio yao kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.